Salamu ya Kushoto

Siku ya kwanza niliandika: koo.
Herufi tatu, na foleni imefika mlangoni.
Ulipanua kinywa, nikamulika kwa tochi ya simu,
mafindofindo mekundu kama ya kila mtoto wa Matondoni.
Nikakupa panadoli na maji ya chumvi ya kusukutua,
nikasema, Famau, kesho kutwa utapiga mpira.

Haukuwa uongo. Nilikuwa sijui.

Siku ya sita ulirudi juu ya punda,
umefungwa kanga mbili na meno bado yanagongana,
saa saba ya mchana, mwezi wa pili,
kuta zenyewe zinatoka jasho.
Kipimo cha malaria: hakuna.
Nikapima tena.
Hakuna.
Kifua kinakuchoma ukivuta pumzi,
na kwenye eksirei mapafu yametoboka toboka
kama ukuta wa matumbawe ulioliwa na chumvi.
Mmoja akasema nimonia. Mwengine akataja kifua kikuu
kwa sauti ya chini, mamako asisikie.

Nyanyako ndiye aliyeona.
Bi Mwanashee, kwenye mkeka alioubeba mwenyewe,
kiti cha plastiki amekikataa:
"Mwanangu sala yake haimaliziki.
Yuatoa salamu kulia. Kushoto hapindui.
Siku ya tatu hii namwangalia.
Mimi mato yangu mabovu, tabibu. Yako je?"

Nikaweka vidole viwili chini ya taya la kushoto.
Ukaruka.
Palikuwa na kamba pale, ngumu,
penye mshipa ule tunaoutaja
tukitaka kusema kitu kiko karibu mno.

Binti wa ultrasaundi alipaka jeli,
akasogeza mkono, akasimama, akarudi nyuma.
Kulia damu ilipita.
Kushoto imeganda, bonge refu,
na bongeni vipande vilikuwa vikikatika
na kushukia mapafuni, kimoja kimoja, wewe umelala.

Nikampigia daktari wa Malindi.
"Ushawahi kuona?" akauliza.
"Sijawahi."
"Mimi mara moja, nikisoma. Yule tulimzika."
Kimya, kisha: "Anza sasa. Usingoje jina."

Yupo mdudu asiyependa hewa.
Katika mji huu ambao upepo huingia bila hodi,
hubamiza madirisha, hunyakua mitandio kambani,
yeye huishi pale upepo usipofika:
nyuma ya koo, ndani ya mshipa, katika usaha.
Damu yako tuliitia kwenye chupa isiyo na hewa.
Mwenye boti la Mokowe akataka kuilaza
kwenye barafu ya samaki, kwa wema wake;
nikapiga kelele gatini kama mwendawazimu.

Sindano asubuhi na jioni, na pamoja nayo
metronidazo, hiyo hiyo watu wanayonunua dukani
matumbo yakiwavuruga baada ya harusi.
Nyanyako akaisoma chupa. "Ya kuhara?"
Nikasema ndiyo.
Hakunisemesha siku mbili.

Usiku wa nne wa dawa, joto digrii arobaini.
Nilifungua daftari, nikalitazama neno langu.
Nilitaka kulifuta.
Nilikuwa nimeandika kwa wino.

Usiku wa saba ulidai mkate wa mofa,
ukaletewa, ukalia kwa kuwa umepoa.
Wauguzi walicheka hadi korido.
Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.

Majibu ya Mombasa yalifika umesharudi nyumbani,
karatasi moja, jina refu la Kilatini
limepigwa chapa vibaya. Nimelibandika
ndani ya mlango wa kabati.
Sasa kila koo likija nauliza, na shingo je?
Wengine hudhani nimeanza kuzeeka.

Jana msikitini ulikuwa safu ya mbele yangu,
upande wa kulia, kanzu imekupwaya mabegani.
Imamu akatoa salamu. Ukapindua kulia.
Mimi yangu nikaisahau.
Nikangoja.
Kisha uso wako, wote, hadi sikio.